Usiianike Juani

Kondele, Kisumu
9 Februari 1991

Omera, ndugu yangu Bildad,

Salamu kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi. Sisi wazima. Nimestaafu Reli tangu Desemba, na Milka anasema afadhali ningeendelea kugonga mabehewa kuliko kushinda nyumbani nikigonga mpira ukutani mwake.

Nakuandikia juu ya raketi yangu ya mpira wa meza. Raba imekuwa na utelezi kama mgongo wa samaki kamongo. Nikiukata mpira uzunguke, hauzunguki, unaenda moja kwa moja hadi kwa mtu kama uliotumwa salamu. Jumamosi nilifungwa na Ouma, yule fundi viatu wa Migosi, mbele ya holi nzima. Akaniambia, "Mzee, hiyo rudisha jikoni, mama anaitafuta ageuzie chapati." Watu walicheka mpaka meza ikatikisika. Nikamwambia raketi hii ina pacha wake, tulizinunua duka moja siku moja mwaka wa sitini na nne, na mwenye huyo pacha angemtia adabu kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Basi mlete tumwone."

Kwa hiyo nimekuahidi bila kukuuliza. Njoo. Ni zaidi ya miaka ishirini tangu siku ya zile ghasia, ulipolala chini ya kitanda cha mama kule Kisian, raketi kifuani kama Biblia, nami mlangoni nikiwaapia wale vijana kwamba hapa hakuna Mkikuyu, hapa kuna kuku tu. Wengi waliokuwa wakikutafuta siku ile wamekufa, Bildad. Waliobaki hawakumbuki hata duka lako la vitabu lilikuwa wapi. Mimi nakumbuka. Sasa pana kinyozi.

Yako inaendeleaje? Unaifanya nini hata bado inashika mpira?

Rahab msalimie sana.

Joram


Molo
2 Machi 1991

Ndugu Joram,

Barua yako ilifika pamoja na mvua ya kwanza. Rahab alinisikia nikicheka peke yangu ghalani, akaja kuangalia nimepatwa na nini. Anakusalimu, na anasema mwambie Milka akuchape kwa huo mpira.

Raketi yako haijazeeka, imechafuka. Raba ni kama ngozi ya mtu. Jasho, vumbi la sakafu na mafuta ya vidole huiziba. Chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu, utie sabuni ya kufulia kiasi cha ukucha. Kitambaa kiwe cha pamba, shati kuukuu ndilo bora. Kiloweshe, ukikamue mpaka kisidondoke, kisha ufute kutoka mpinini kwenda nchani, njia moja, bila kurudi nyuma. Ukirudi nyuma unairudishia uchafu wake. Maji yasiingie ukingoni, kwa sababu yakifika kwenye sponji iliyo chini ya raba, gundi huachia. Mafuta taa usiguse, wala spiriti. Mwisho isimamishe kivulini ikauke yenyewe. Usiianike juani. Jua la Kisumu litaikausha mara moja, na litaiua papo hapo.

Ikishakauka, ifunike uso kwa kipande cha nailoni, ukibonyeze kwa kiganja hewa itoke. Mimi hufanya hivyo kila Jumamosi jioni. Rahab husema nimeoa wawili.

Kuhusu kuja: viazi viko shambani na mvua ndiyo hiyo. Tuone mwisho wa mwaka. Ouma asubiri.

Ndugu yako,
Bildad


Kondele, Kisumu
20 Aprili 1991

Omera,

Nilifanya yote uliyosema, neno kwa neno. Nikafuta njia moja kama mtu anayefagilia mgeni. Nikaisimamisha kivulini, nikaenda kanisani. Nyuma yangu Milka akaiona imeegemea ukuta wake, bado ina unyevu, akasema huyu mzee hajui kuanika. Niliporudi niliikuta juu ya wavu uani, katikati ya dagaa wa omena, jua la saa sita linaipiga, na paka wa jirani ameketi karibu anaitazama kama ni samaki ngege.

"Kwani si kitu cha kukauka?" Milka akaniuliza. Nikaitoa kwenye wavu.

Sasa upande mmoja umebanduka pembeni, na yote inanuka omena. Ouma anasema siku hizi anajua nimefika kabla hajaniona. Nimebandika kwa gundi ya pancha. Ni sawa?

Nilikosa kwenda holi wiki mbili, homa kidogo, malaria ya huku unaijua. Hukunijibu vizuri kuhusu kuja. Viazi havikimbii. Ni viazi, au ni Kisumu?

Joram


Molo
11 Mei 1991

Ndugu Joram,

Gundi ya pancha ni sawa. Paka kidogo pande zote mbili, ngoja ipoteze unyevu, ndipo ubandike kuanzia mpinini ukisukuma hewa mbele kwa chupa ya soda iliyolala. Harufu itatoka ukiifunga siku kadhaa pamoja na majani makavu ya chai.

Umeuliza, nami nakujibu. Ni Kisumu. Siku ile, kabla hujanipata, kijana mmoja niliyekuwa nikimuuzia daftari alinisimamisha barabarani, akaniuliza jina langu. Alilijua. Alitaka nilitamke mwenyewe. Hata leo mtu akiniuliza jina ghafla, kwanza hutafuta kwa macho pa kutokea. Hapa hakuna anayeniuliza. Kila mtu analijua, na linanitosha.

Si wewe. Unajua si wewe.

Bildad


Kondele, Kisumu
4 Aprili 1992

Bildad,

Redio inasema huko Molo nyumba zinachomwa. Haisemi nyumba za nani, nami sihitaji iniambie. Hii ni barua ya pili. Ya kwanza imerudi na mhuri.

Andika hata mstari mmoja. Ukitaka andika kuhusu gundi.

Joram


Kwa mkono wa Mchungaji
Elburgon
30 Mei 1992

Ndugu Joram,

Nisamehe kwa kuchelewa. Usihangaike. Hayo uliyoyasikia yalitokea ng'ambo ya kwetu. Kwa sasa tumia anwani hii, kwa sababu posta ya kule imefungwa kwa muda.

Raketi yangu ni nzima. Niliifuta Jumamosi. Ukungu wa huku ni mwingi, kwa hiyo nimeongeza kitambaa kikavu juu ya nailoni, nawe ufanye hivyo wakati wa mvua. Unyevu hauonekani ukiingia. Unauona tu siku raba inapovimba, na siku hiyo umeshachelewa.

Niambie kama uliweza kumfunga Ouma.

Bildad


Kondele, Kisumu
15 Agosti 1992

Omera,

Umeniandikia kwa kalamu ya risasi? Mtu aliyekuwa na duka la kalamu! Na tangu lini wewe ni wa Elburgon? Milka anasema umeokoka, umehamia kanisani kabisa, sasa utatuombea. Na Rahab hakunitumia salamu. Mwambie nimenuna, na nikinuna mimi huwa ni mwaka mzima.

Ouma sijamfunga. Nikienda holi siku hizi naketi benchi. Nikisimama kucheza, mpini unazunguka mkononi. Mti umekuwa mwembamba, Bildad, sielewi. Nimeuviringishia kitambaa, shati langu la Reli, lile la bluu. Juu ya kitambaa nikatia tyubu ya baiskeli. Sasa umekuwa mnene kama mchi na bado unazunguka. Hii mbao ya wazungu hupungua? Yako imepungua?

Njoo. Safari hii sikutanii. Hatutacheza. Utaketi kwenye benchi kando yangu useme Ouma anacheza vibaya, kwa sauti, asikie. Ukitaka, nitakungoja stendi, na yeyote atakayekuuliza jina nitalijibu mimi.

Njoo kabla ya Krismasi.

Joram


Elburgon
12 Septemba 1992

Ndugu Joram,

Ndiyo, mbao hupungua. Imetoka kwenye mti uliokaushwa, na ukiiweka mahali pakavu sana, kama juu ya kabati karibu na bati, hujikaza na kusinyaa. Yako nadhani inakaa karibu na paa. Ishushe. Uzungushie mpini kitambaa chenye unyevu kidogo usiku mmoja, uache uvute maji taratibu, na asubuhi ukaushe kwa kitambaa kikavu. Utaona umerudi. Kisha usugue kidogo kwa msasa laini ili usiteleze. Ile tyubu iondoe, inazuia hewa, jasho litaozesha mbao.

Yangu haikupungua. Naishika kama siku ya kwanza.

Kuja tutaona. Barabara si nzuri.

Bildad


Kondele, Kisumu
3 Oktoba 1992

Shemeji Bildad,

Mimi ni Milka. Joram hajui nimeandika. Barua yako alinisomea jana akiwa kitandani, akaniomba kitambaa chenye unyevu, nikampa, akauzungushia mpini kama ulivyosema, akalala nao. Asubuhi akaushika akasema, "Ona, umerudi kidogo."

Mti haujapungua, shemeji. Ni mkono.

Ukiuona utajua. Pete ya ndoa ameivua mwenyewe akaiweka kwenye kikombe, anasema inamwasha. Hospitali wanamrudisha nyumbani kila wakimpokea. Jina la ugonjwa wenyewe wanalitaja kwa kuinamisha kichwa.

Ana jambo moja tu analolitaka, nalo analiandika kwenye kila barua. Mimi najua una sababu zako. Lakini amebakiwa na muda mfupi.

Milka, mama Lornah


Elburgon
16 Oktoba 1992

Mama Lornah,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaketi chini.

Nakuja. Jumamosi ya tarehe 31, jioni nitakuwa Kondele. Mwambie. Nilifikiri nisimwambie, nimshtukize, lakini namjua, anapenda kuwa na kitu cha kungoja.

Asizungushie tena kitambaa chenye maji. Mwambie nilikosea.

Bildad


Kondele, Kisumu
8 Novemba 1992

Omera,

Hii anaiandika Milka, maneno ni yangu. Nimemkataza kuongeza ya kwake.

Tulikungoja. Ouma alikuja na viatu vipya akaketi mlangoni toka alasiri, anasema leo ndiyo leo. Milka alipika ngege wa nazi, chakula cha pwani, kwa sababu anaamini mtu aliyesoma sana hula hivyo. Tulikula wenyewe. Ouma alikula sehemu yako na akasema kwa pointi hiyo amekufunga.

Sijanuna. Nilisema uongo, sinuni mwaka mzima, sijui hata nina mwaka. Kama ulianza safari ukarudi, ulianza. Nitahesabu hivyo.

Ile tyubu nimeiondoa kama ulivyosema. Kitambaa nimekiacha.

Joram


Kisian
14 Februari 1993

Shemeji Bildad,

Joram alitutoka tarehe pili Januari. Tumemzika hapa nyumbani kwao Kisian, karibu na nyumba ya mama yake, ile ambayo wewe unakijua kitanda chake. Lornah aliandika barua kwako siku ile ile. Nadhani haikufika, maana hukujibu.

Mwezi uliopita wazee walikaa kugawa vitu vyake. Baiskeli ilikwenda, redio ikaenda, viatu pia. Raketi ilimfikia Opiyo, mdogo wake. Akaigeuza huku na huku akasema, "Hii itanifaa kupepea jiko." Nikainuka nikamnyang'anya mbele ya wazee wote. Mjane hafanyi hivyo. Nikaingia nayo ndani.

Naifuta kila Jumamosi. Njia moja, kutoka mpinini. Siianiki juani.

Siku za mwisho Joram aliniambia: "Mpelekee Bildad, mkononi mwake. Isiende kwa posta. Zikae pamoja na ile yake, zilitoka pamoja." Hilo ndilo neno lake la mwisho kwa mtu yeyote aliye nje ya nyumba hii, na sitaki kufa nikiwa nalo. Lakini kuna kizuizi.

Opiyo ndiye aliyetajwa anirithi, kama desturi yetu inavyotaka. Nimemkataa. Ana wake wawili na watoto wadogo, na daktari aliyempima Joram alinipima na mimi, na la Joram ni langu. Opiyo hajui namkataa kwa ajili ya watoto wake. Anadhani namdharau, anapita uani bila kunisalimia. Basi mimi bado ni chi liel, mke wa kaburi, mpaka nirithiwe, na mwanamke wa namna hiyo haingii nyumba ya mtu. Akiingia, inasemekana anaingia na kifo. Dada yangu wa tumbo moja hunipa chai nje, chini ya dirisha. Akina mama wa kanisa, ambao husema hawaamini hayo, nikiwapo wanafanyia maombi uani, wanasema ndani kuna joto.

Sijui mimi naamini kiasi gani. Lakini sitakuletea wewe na Rahab jambo ambalo sina hakika nalo. Kwa hiyo niambie pa kusimama. Langoni, njiani, popote pa nje, nawe utoke uje uipokee. Sitakaa. Nitarudi siku hiyo hiyo.

Usikawie kunijibu, shemeji. Sasa nimeanza kukohoa.

Milka


Elburgon
3 Machi 1993

Mama Lornah,

Barua ya Lornah haikufika. Yako imenifikia jana, na ndiyo imeniambia. Mchungaji aliiona nikiwa nayo mkononi, akaniachia chumba cha sala mpaka jioni.

Uliloniuliza nitalijibu. Nianze na aliloniuliza Joram nikamkwepa.

Nyumba yetu ilichomwa mwezi Machi mwaka jana, asubuhi, chai ikiwa mezani. Raketi ilikuwa juu ya kabati ndani ya nailoni yake. Rahab alitoka na blanketi, mimi nilitoka na kiatu kimoja. Tuliletwa hapa nyuma ya kanisa pamoja na wengine, kwenye mahema, na mvua ikaja. Rahab alishikwa na kifua. Tulimzika Julai, kwenye kipande ambacho kanisa lilikuwa limepanga kupanda kabichi. Kwa hiyo Joram aliponiambia nimpelekee habari kwamba amenuna, nilikwenda pale nikampa.

Jumamosi zote nilizowaandikia kwamba nimeifuta raketi, nilikuwa nikiifuta kwa akili tu, nimelala, tangu mpinini hadi nchani. Niliona kwamba Joram akijua nina raketi, atajua nina kabati, na akijua nina kabati atajua nina nyumba, naye atalala. Alikuwa na homa. Sikujua ni homa gani.

Tarehe 31 Oktoba nilitoka hapa alfajiri. Kabla ya Londiani gari lilisimamishwa na vijana waliofunga njia kwa magogo. Walikuwa wakiuliza majina. Mimi niliketi nyuma, walianza mbele. Nilishuka kwa mlango wa nyuma nikaingia kwenye miti, nikarudi kwa miguu, siku mbili. Joram alisema kama nilianza safari, atahesabu kwamba nilianza. Ile barua ninayo, ipo ndani ya shati.

Sasa la raketi. Ukiibeba, ifunge kwa kitambaa cha pamba, si mfuko wa nailoni. Safarini nailoni huivukiza. Iweke magotini, usiiweke juu ya gari wala dirishani. Raba ifute kabla ya kuondoka kama ulivyozoea. Lakini mpini usiuguse. Ile bluu ya shati la Reli usiifungue, usiifue, hata kama ina jasho, hata kama inanuka. Nimewaandikia miaka miwili namna ya kutoa jasho kwenye raketi. Hilo liache.

Usije kwa njia ya Londiani. Pitia Nakuru, ni mbali zaidi lakini siku hizi ni salama, na Lornah akusindikize. Ukifika kanisani zunguka nyuma. Hema langu ni lile lenye kiraka cha gunia la mahindi. Ukiulizwa unamtafuta nani, taja jina langu lote. Hapa linatajwa.

Uliuliza pa kusimama. Hutasimama, utaingia. Desturi yenu inakataza nyumba, Mama Lornah, na nyumba mimi sina. Nina turubai juu ya miti minne, na upande wa mashariki haufiki chini. Asubuhi naona miguu ya watu wakienda kuteka maji. Hakuna utakachokileta mle ambacho hakijaingia. Tutaketi, utanywa chai ukiwa ndani pamoja na mtu, na kikombe utakirudisha mkononi mwangu. Ukikohoa, kohoa. Lala usiku mmoja kabla ya kurudi. Majirani wana kitanda.

Njoo upesi. Na ukifika usipige hodi. Hakuna mlango.

Shemeji yako,
Bildad